Kavuo Namba Tisa

Siku Bénite alipoingia katika nyumba ya Apollinaire, baba yake Élise, huko Rughenda mjini Butembo, Élise alipoteza vitu vinne kabla jua halijazama: nusu ya godoro, ndoo ndogo ya kuogea, kiti cha karibu na moto, na jina lake. Vitatu vya kwanza alivitoa shingo upande. Cha nne kilimkwama kooni mwaka mzima.

Jina lenyewe ni Kavuo. Kwa Wanande, kabila lao, jina hilo mtu hachaguliwi, analikuta linamngoja, maana linafuata nafasi ya mtoto wa kike kati ya dada zake. Élise alikuwa Kavuo kwa mama yake, na Bénite, binti wa marehemu mdogo wake Apollinaire, alikuwa Kavuo kwa mama yake pia. Jioni ile Florentine, mama yake Élise, aliita "Kavuo" kutoka jikoni wakaitika wawili. Majirani waliokuja kumwona mgeni wakacheka, wakasema hao sasa ni ndoyi, watu wa jina moja, na mtu na ndoyi wake hawagombani. Bénite akachukua neno hilo palepale. Tangu siku hiyo hakumwita Élise kwa jina lingine ila ndoyi. Élise hakumrudishia hata mara moja.

Kesho yake Florentine akakata shauri. Mgeni ataitwa Kavuo, asije akajiona amekimbia vita halafu akanyang'anywa na jina. Binti yake mwenyewe ataitwa Élise, jina la ubatizo, si nalo ni zuri. Aliyasema hayo huku anakoroga bukari, ugali wa mihogo, kwa moyo mweupe kabisa, wala hakugeuka kumtazama mtoto aliyekuwa anamsemea.

Bénite alitoka Kasugho. Usiku wa mashambulizi watu wa kijiji walikimbia kila mmoja na njia yake, yeye akajikuta kwenye kundi lililoshuka Butembo, na mama yake hakuonekana tena. Alikuwa na miaka kumi na mitano kama Élise, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia moja mbaya sana machoni pa Élise: aliosha sahani bila kutumwa. Florentine hakuacha kumtaja. Kavuo ameamka mapema, Kavuo ametwanga majani ya sombe, Kavuo hajibu mtu. Élise alisikia jina lake likisifiwa kutwa nzima na hakuna sifa hata moja iliyokuwa yake.

Yote hayo angeyavumilia, maana nje ya nyumba alikuwa na mahali pake. Alikuwa namba tisa.

Kando ya kiwanja cha ndege cha Rughenda kuna majani ambako wasichana wa shule walifanya mazoezi mara tatu kwa juma na Prof Onésime, mwalimu wa michezo. Élise alikuwa na mguu wa kushoto ambao hata wavulana waliuheshimu. Na pembeni, juu ya tofali, alikaa rafiki yake Jemima na sketi yake ndefu. Jemima hakucheza. Baba yake, mwinjilisti Zacharie, alikuwa amesema kwamba binti yake hatavaa kaptula mbele ya watu maadamu yeye bado anasimama madhabahuni. Kwa hiyo Jemima alichora. Alikuwa na daftari la miraba, na ndani yake alitengeneza BD, hadithi ya picha, mraba kwa mraba, maneno yakitoka midomoni ndani ya viputo. Mhusika mkuu aliitwa Kavuo. Alivaa namba tisa na hakushindwa.

Daftari hilo lilitembea darasani kutoka dawati hadi dawati mpaka pembe zikawa laini kama kitambaa. Lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, kwa kuwa mwinjilisti alilikagua kila Jumapili, kurasa za mwanzo wasichana wote walipiga mpira wakiwa wamefunga vikwembe. Ya pili, Jemima hakujua kuchora nyuso. Alikuwa na uso mmoja tu, wa duara, nywele fupi, akawapa wote. Kipa, mwamuzi na mama muuza ndizi walikuwa uso mmoja. Mtu alijulikana kwa namba yake.

Élise alikuwa akilala na hadithi hiyo kichwani. Alijua kila goli. Jemima alimwonyesha kila ukurasa mpya kabla ya wengine, na walikuwa na mahali pao pa kuusomea, nyuma ya choo cha shule, mahali ambapo hakuna mtu angekaa kwa hiari yake.

Halafu Bénite akaja uwanjani kwa ajili ya kumbebea Élise maji. Siku hiyo mchezaji mmoja alipungua, na Prof Onésime akamwita yule mgeni ajaze nafasi. Alicheza pekupeku, akifunga sketi kiunoni, na kabla ya mapumziko alikuwa amemzunguka kila mtu, Élise akiwemo. Prof Onésime alitoa filimbi mdomoni akasahau kuirudisha.

Mwezi uliofuata Bénite alivaa namba tisa. Élise akapewa kumi na mbili, na kumi na mbili hukaa kwenye benchi. Apollinaire, fundi seremala ambaye hakuwahi kuona mechi hata moja, alisema ni sawa tu, si mpira umebaki nyumbani. Élise alitamani kumuuliza ni nyumbani kwa nani.

Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa daftari. Kavuo wa kwenye picha aliendelea kuvaa namba tisa, na wanafunzi hawakuuliza mara mbili. Walimwita Bénite "Kavuo wa BD". Katika kurasa mpya Kavuo alianza kucheza pekupeku. Siku moja Élise alikwenda nyuma ya choo na kumkuta Jemima na Bénite wamekaa pale, vichwa vimekaribiana, wakinong'ona. Wakamwona. Jemima akafunga daftari.

"Mulikuwa nasema nini?" akauliza Élise.

"Hapana kitu," akasema Jemima.

Rafiki yako akikuambia hapana kitu huku amefunga daftari, kitu kipo. Élise alirudi nyumbani, akajilaza upande wake wa godoro, akavuta blanketi lote.

Kilichokuwepo kilikuwa hiki, na Élise hakukijua. Mwanamke mmoja anayeleta mafuta ya mawese kutoka Beni alikuwa amemletea Bénite habari: mama yake yu hai. Yuko Mavivi, kule mwisho wa mji wa Beni, kwenye mahema ya waliokimbia. Bénite hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Jemima, na kabla ya kumwambia alimwapisha asiseme. Aliogopa. Aliwahi kumsikia Florentine akimwambia mumewe kwamba mama wa mtoto akionekana, mtoto atarudi kwa mama yake, nyumba ni ndogo. Bénite alimtaka mama yake, ila hakutaka kurudi chini ya hema, wala kuacha shule na mpira. Alitaka amwone kwanza. Na siku ya timu yao kwenda kucheza mechi Beni ilikuwa inakaribia. Akamtuma yule mwanamke wa mawese: mwambie mama aje uwanja wa parokia, Jumamosi, anitafute kwa namba tisa.

Siku ya Alhamisi Prof Onésime aligawa karatasi za ruhusa za wazazi. Gari lilikuwa na nafasi kumi na tatu tu, kumi na moja za wachezaji wa kuanza, na Élise alijua kabla hajasikia kwamba hayumo. Bénite hakuwepo, alikuwa kwenye kinu cha kusaga mihogo. Prof akamkabidhi Élise karatasi moja.

"Pelekea Kavuo," akasema. "Baba asigne, kesho irudi."

Akageukia wengine. Hakuona sura ya msichana aliyesimama mbele yake, ambaye miaka kumi na mitano ya maisha yake aliitwa kwa jina hilo peke yake.

Élise alisoma karatasi njiani. Kavuo, wa kwa Apollinaire, n° 9. Aliisoma mpaka akafika mlangoni. Hakuwa amepanga lolote, na baadaye alijitetea kwa hilo mara nyingi. Alimpa tu baba yake karatasi na kusema kwamba Prof anataka sahihi. Apollinaire akafuta vumbi la mbao mikononi, akasoma polepole, na uso ukamwangaza.

"Donc, basi, Kavuo yetu anaenda Beni," akasema, akimtazama yeye, binti yake.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima baba yake kumwita hivyo. Élise akamsogezea kalamu. Florentine akatoka jikoni, akapangusa mikono, akauliza ni Kavuo gani. Apollinaire akacheka: si huyu aliyeleta karatasi. Mambo ya namba yeye hakuyashika kamwe. Bénite alikuwa amesimama mlangoni na beseni la unga kichwani. Aliona karatasi, akaona namba. Yeye na Élise wakatazamana mpaka unga ukaanza kumwagika kidogo begani mwake.

Angeweza kusema. Lakini alikuwa anakula bukari yao, analalia godoro lao, na ingekuwaje mgeni amwambie mwenye nyumba kwamba binti yake anaiba. Akashusha beseni.

"Félicitations, ndoyi," akasema, akimpongeza.

Ijumaa Bénite aliifua jezi namba tisa na kuipiga pasi ya makaa, kama alivyofanya kila juma. Alfajiri ya Jumamosi Élise aliichukua pale ilipokunjwa. Bénite alikuwa macho, amegeukia ukuta.

Kwenye gari Prof Onésime alishangaa. Élise akamwambia kwamba Bénite ana malaria, amelala, na baba amemruhusu yeye. Prof akatazama karatasi. Jina Kavuo lilikuwepo na sahihi ilikuwepo. Akakuna kichwa, akasema panda.

Jemima alikuwemo garini, sketi yake imemfunika mpaka viatuni, kwa sababu Prof alimwombea kwa mwinjilisti aje kuandika majina na magoli. Aliposikia habari ya malaria alibadilika sura. Aliuliza imeanza lini, na kama Bénite amemwachia ujumbe wowote. Élise akajibu kwa mkato, hakuna ujumbe. Alifurahi kuona jambo linamuuma rafiki yake. Alikuwa amesubiri siku nyingi limuume mtu mwingine.

Barabara ya Beni ina vizuizi, na kwenye kila kizuizi askari walihesabu vichwa. Walipokuwa wakingoja, Élise akachukua daftari mapajani mwa Jemima bila kuomba. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mpya. Kavuo namba tisa anapiga mpira, na nyuma ya kamba amesimama mwanamke, mikono juu, mdomo wazi. Kiputo chake kilikuwa kitupu.

"Huyu ni nani?"

"Mutu anamuangalia."

"Na anasema nini?"

"Sijue bado," akasema Jemima, akalichukua daftari lake.

Élise akatazama nje. Hata watazamaji wa kwenye karatasi walikuja kwa ajili ya Bénite. Yeye tangu aanze mpira hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kusimama nyuma ya kamba yoyote.

Wasichana wa Beni walikuwa wakubwa na wenye miguu mizito. Dakika kumi za kwanza Élise hakuugusa mpira, na alipougusa aliupoteza. Prof Onésime alianza kutembea huku na huku. Ndipo sauti ikatoka upande wa mbali wa uwanja, karibu na mnara wa kanisa, sauti ya mwanamke, nyembamba, iliyopasuka.

"Kavuo wee. Kavuo yangu wee."

Élise aligeuka. Aliona kitambaa cha manjano kichwani na mkono unaopunga, basi. Alidhani ni mtu aliyesikia wenzake wakimwita. Hakujali ni nani. Mwili wake wote ulisikia jina lile. Mpira ukaja, akautuliza, akampita wa kwanza, na ile sauti ikapanda. Akampita wa pili. Tangu hapo kila alipogusa mpira aliitwa, na kila alipoitwa aliutaka mpira tena. Kipindi cha pili, wakiwa sare, goli moja kwa moja, alikata kuingia ndani na kuachia shuti la mguu wa kushoto. Kipa hakuinua hata mikono. Wenzake wakamrukia, na katikati ya kelele zao aliitafuta ile sauti moja, akaipata, ilikuwa inalia.

Kwenye benchi, Jemima hakuandika goli. Alikuwa ameinuka na kalamu mkononi, akitazama kitambaa cha manjano.

Filimbi ya mwisho ilipolia mwanamke aliruka kamba na kuvuka uwanja karibu anakimbia, mfuko wa plastiki mkononi. Wachezaji walimpisha. Alikuja moja kwa moja kwa namba tisa, amefungua mikono. Hatua tatu kabla ya kufika, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu, yenye ukungu, akayafinya. Mikono ikabaki hewani.

"Haiko weye," akasema.

Élise hakuelewa.

"Nilikuwa najisemea, mutoto yangu amerefuka. Mwaka moja, amerefuka hivi. Macho yangu haiko muzuri tangu ule moshi wa Kasugho." Akamtazama tena, uso mzima, kama anayetafuta kosa. "Banasema Kavuo namba tisa. Kavuo yangu iko wapi?"

Jemima alikuwa amefika. Alimwambia mama huyo kwa upole kwamba Bénite anaumwa, malaria, amebaki Butembo, asiwe na wasiwasi. Lakini mwanamke akashika kifua, akaanza kuuliza: malaria ya namna gani, yuko hospitali, amewekewa maji, ni nani anamuuguza. Mtu aliyefiwa na mume na kukimbia usiku hasikii neno malaria kama wengine. Alimuuliza Élise yote hayo, kwa sababu ndiye aliyekuwa amevaa namba ya mwanawe.

Élise alitaka ardhi immeze. Aliona wazi kwamba angeweza kunyamaza, na mama huyu angerudi Mavivi na hofu hiyo, na hakuna ambaye angejua.

"Haiko mugonjwa," akasema. "Nilidanganya. Fasi ilikuwa yake. Miye njo niliikamata."

Jemima akamgeukia. Mwanamke akatoa mkono kifuani.

"Weye ni nani kwake?"

Neno lilikuwa moja tu. Alikuwa amekataa kulitamka mwaka mzima, na sasa lilimtoka na machozi.

"Niko ndoyi yake."

Yule mama hakumpiga wala hakumfokea. Alitoa kwenye mfuko soksi ndefu mbili, amezifuma kwa uzi wa sweta lililofumuliwa, za kijani na mistari ya manjano. Akapiga goti, akapima moja kwenye mguu wa Élise, kutoka kisigino mpaka chini ya goti.

"Mguu yake iko kama hii?"

"Iko mufupi kidogo," akasema Élise.

"Basi itamukaa." Akazikunja, akampa. "Mwambie nilikuja. Mwambie nitamungojea mechi ingine."

Njia yote ya kurudi Jemima alikaa mbele na Prof. Élise alikaa na soksi mapajani, na mshindi wa mechi hakuna aliyemuimbia.

Alisema yote jioni ileile, mbele ya sahani. Alianza na karatasi. Apollinaire aliweka tonge chini. Florentine alitaka kumkatiza, lakini alipomsikia Bénite mwenyewe akieleza kwa nini alificha habari za mama yake, alivuta kitambaa chake mbele kikafunika macho. Alikumbuka maneno yake kuhusu nyumba ndogo. Hakujua kwamba mtoto alikuwa akisikiliza, na sasa alijua kwamba mtoto aliosha sahani zile zote ili asifukuzwe.

"Kavuo," akasema, na wote wawili wakainua vichwa.

Apollinaire alisema Jumanne atampeleka Bénite Mavivi yeye mwenyewe, na kama mama yake anataka kuja, atapigilia ukuta wa mbao nyuma ya jiko kiwe chumba chake. Jumatatu watu walivamiwa njiani, magari yakachomwa, na barabara ya Beni ikafungwa. Juma la kwanza likapita, la pili, la tatu. Yule mwanamke wa mawese hakuonekana tena.

Prof Onésime alimweka Élise nje ya timu hadi mwisho wa mwaka, na hakuna aliyemtetea, wala yeye mwenyewe. Kila jioni ya mazoezi alikuwa akimbebea Bénite maji uwanjani. Bénite alicheza na soksi za kijani, na baada ya mazoezi alizivua kabla ya kukanyaga tope la njiani.

Jemima hakumsemesha mpaka juma la nne. Siku hiyo alikuja nyumbani kwa Apollinaire na daftari, akaketi kwenye ngazi, akalifungua kwenye ukurasa ule wa mwanamke nyuma ya kamba. Alikuwa ameufuta na kuuchora upya. Kavuo namba tisa hakuwa na uso wa duara tena. Alikuwa na kidevu cha Élise na kovu dogo la Élise kwenye nyusi, na haikuwa kwa kumsifu, ilikuwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kiputo kilikuwa bado kitupu.

"Miye sikusikia muzuri, nilikuwa mbali," akasema Jemima. Akaweka kalamu juu ya daftari na kulisukuma.

Bénite akatoka ndani, akaona picha. Akachukua kalamu na kumpa Élise.

"Andika venye aliniita."

Élise akaandika, polepole, kwa herufi kubwa: Kavuo wee. Kavuo yangu wee. Bénite akasoma. Akamwomba aseme kwa sauti, namna ileile. Élise akasema. Bénite akatikisa kichwa, hapana, si hivyo, mama yake huvuta pale mwisho. Akamwomba tena. Élise akajaribu, akaikosa tena.

Bénite alimtazama. Élise aliutambua mara moja mtazamo huo wa mtu aliyenyang'anywa kilicho chake, maana alikuwa nao yeye mwenyewe mwaka mzima, upande wake wa godoro, akitazama mgongo wa mwenzake.

"Weye njo ulimusikia, ndoyi," akasema Bénite. "Aliita miye, na weye njo ulimusikia."